Mwongozo wa Kupima Usalama wa Kiziduo cha Kivumbasi na Uwezo Wake wa Kulegeza Misuli

Kipande cha utumbo mwembamba wa sungura, kikitundikwa vizuri ndani ya myeyusho wa chumvi wenye joto la nyuzi 37, huendelea kujikaza na kujilegeza chenyewe kwa saa kadhaa baada ya sungura mwenyewe kufa, na mashine huuchora mwendo huo kama mawimbi yanayofuatana. Mtafiti akitia kiziduo cha mmea na mawimbi yakatulia, huenda misuli imelegea, na huenda imekufa. Mchoro wenyewe hautofautishi. Ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi kipimo cha usalama na kipimo cha ulegezaji: anayetaka kusema kwamba dawa fulani inalegeza misuli hana budi kuonyesha kwamba haikuiua, wala haikumlewesha mnyama, wala haikumdhoofisha kwa sumu.

Mfano nitakaoutumia ni kivumbasi, mmea unaojulikana sana pwani na bara, ambao majani yake huchemshwa na kunywewa tumbo linaposokota. Ninawaandikia wanafunzi wa shahada ya uzamili na watafiti wanaoanza, wenye maabara na wenye msimamizi. Kiziduo hapa ni kile kinachobaki baada ya kuloweka au kuchemsha sehemu ya mmea, kuchuja, na kukausha maji au kiyeyushi kingine kilichotumika. Hakuna hatua yoyote katika mwongozo huu inayopaswa kujaribiwa kwa mtu.

Hatua ya 1: Vibali, na maswali kwa mganga

Kabla ya kuchuma jani moja, andika pendekezo la utafiti na ulifikishe kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako. Liwe na sehemu inayojitegemea kuhusu wanyama: idadi yao, sababu ya idadi hiyo, namna watakavyotunzwa, na namna watakavyouawa bila mateso. Kanuni inayofuatwa ni ile iliyowekwa na William Russell na Rex Burch mwaka 1959, kwamba mtafiti atumie njia isiyohitaji mnyama inapowezekana, apunguze idadi pale ambapo mnyama hawezi kuepukwa, na aboreshe utaratibu ili maumivu yawe madogo kadiri iwezekanavyo. Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kenya hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Iwapo maarifa ya matumizi yametoka kwa mganga, andikisheni makubaliano mapema kuhusu ridhaa na mgawanyo wa faida, kama inavyotakiwa na Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika Oktoba 2014.

Mazungumzo na mganga yasichukuliwe kama adabu ya utangulizi tu, kwa kuwa ni sehemu ya majaribio yenyewe. Uliza ni sehemu gani ya mmea inayotumika, inachumwa lini, majani kiasi gani kwa maji kiasi gani, yanachemka kwa muda gani, sufuria ikiwa imefunikwa au iko wazi, na mgonjwa anakunywa mara ngapi. Swali ambalo mimi huliona lina thamani kuliko yote ni hili: “Bibi, nani hapewi dawa hii?” Waganga wengi hujua makatazo ya dawa zao vizuri kuliko wanavyojua kueleza namna zinavyofanya kazi, na katazo ni fununu ya sumu ambayo panya wako huenda wasikuonyeshe. Liandike neno kwa neno, maana utalihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Kuutambua mmea

Jina la kivumbasi halitoshi. Katika sehemu mbalimbali jina hili, pamoja na mvumbasi na majina mengine ya karibu, hutumika kwa zaidi ya mmea mmoja wa jenasi ya Ocimum, ikiwemo Ocimum gratissimum na Ocimum americanum. Kata tawi lenye majani na maua, likaushe kati ya karatasi chini ya uzito, andika mahali, tarehe na jina la mchumaji, kisha lipeleke kwenye hifadhi ya mimea mikavu, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya huko Nairobi, ili mtaalamu aitambue spishi na kuipa sampuli namba. Bila namba hiyo hakuna mtu atakayeweza kurudia kazi yako.

Hata spishi ikijulikana, mambo hayajaisha. Ocimum gratissimum ya sehemu moja huweza kuwa na mafuta yaliyojaa kemikali iitwayo eujenoli, na ya sehemu nyingine yakajaa nyingine iitwayo thaimoli. Mimea yote miwili inaitwa kwa jina moja la kisayansi, lakini haitarajiwi ifanye kazi sawasawa. Chuma kiasi cha kutosha majaribio yote kwa mara moja, mahali pamoja.

Hatua ya 3: Kutengeneza kiziduo

Anika majani kivulini, yametandazwa kwa unene mdogo, mahali penye upepo, mpaka yavunjike mkononi. Jua kali hupoteza mafuta yanayonukia, nayo katika kivumbasi ndiyo yanayotuhumiwa zaidi kuwa chanzo cha kulegeza. Saga na upime uzito.

Tengeneza viziduo viwili sambamba. Cha kwanza ni cha maji, kwa namna ileile ya mganga: kama yeye hufunika sufuria, nawe funika. Cha pili ni cha ethanoli ya asilimia 80: loweka gramu 100 za unga katika lita moja kwa saa 72, ukitikisa mara kwa mara, kisha chuja kwa kitambaa safi na hatimaye kwa karatasi ya kuchujia. Ethanoli iondolewe kwa mashine ya kuvukiza yenye chupa inayozunguka, joto likiwa si zaidi ya nyuzi 40. Kiziduo cha maji kikaushwe kwa kugandishwa. Kumbuka kwamba njia zote mbili hupoteza sehemu ya mafuta, hivyo mtafiti anayetaka kuyapima mafuta yenyewe ayakusanye peke yake kwa mvuke. Andika asilimia ya kiziduo kilichopatikana, kigawe katika chupa ndogo, na ukihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Sasa fanya vipimo viwili rahisi ambavyo wengi huviruka. Tikisa kiziduo katika maji kwa nguvu. Povu likidumu kwa zaidi ya dakika 10, inaelekea kuna saponini, kemikali zinazoweza kutoboa ngozi za seli, na utepe wa utumbo uliotobolewa seli utatulia kabisa hata kama mmea hauna dawa yoyote ndani yake. Pili, pima potasiamu. Mimea ina potasiamu nyingi, na potasiamu hukaza misuli laini. Kama maabara haina kifaa cha kuipima, choma kiasi cha kiziduo mpaka kiwe majivu, yeyusha majivu hayo katika maji, rekebisha pH, na uyatumie baadaye kama kilinganishi: kitakachofanywa na majivu hakitokani na dawa.

Hatua ya 4: Uduvi wa maji ya chumvi

Kipimo cha kwanza cha sumu kinafanywa kwa vibuu vya uduvi mdogo, Artemia salina. Gharama yake ni ndogo na hakihitaji mnyama mwenye uti wa mgongo. Yeyusha gramu 38 za chumvi ya bahari katika lita moja ya maji, tia mayai ya uduvi, weka taa upande mmoja, na baada ya saa 24 hadi 48 vibuu hai vitakuwa vimekusanyika kwenye mwanga. Weka vibuu 10 katika kila chupa, chupa tatu kwa kila ukolezi, na uhesabu waliokufa baada ya saa 24. Kama vibuu vya chupa zisizo na kiziduo vimekufa zaidi ya asilimia 10, siku hiyo haina matokeo, anza upya. Kwa desturi iliyotokana na kazi ya Meyer na wenzake ya mwaka 1982, kiziduo ambacho ukolezi wake wa kuua nusu ya vibuu uko chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita huhesabiwa kuwa kina nguvu ya kibayolojia. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu ini la binadamu. Kazi yake ni kuchuja, na kukuonyesha mahali pa kuanzia tahadhari.

Hatua ya 5: Sumu ya papo kwa papo kwa panya

Zamani makumi ya panya waliuawa ili kupata dozi inayoua nusu yao. Utaratibu huo wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi linalotoa miongozo ya kupima kemikali, namba 401, ulifutwa mwaka 2002, na haupaswi kurudi katika maabara zetu. Tumia namba 423. Panya wadogo watatu wa kike, walionyimwa chakula kwa saa tatu hadi nne lakini si maji, hupewa kiziduo kwa mdomo. Pasipo taarifa za awali, anza na miligramu 300 kwa kila kilo ya uzito. Asipokufa yeyote, au akifa mmoja tu, rudia kwa watatu wengine kwa dozi ileile. Hali ikibaki hivyo, panda hadi miligramu 2000. Wachunguze katika nusu saa ya kwanza, kisha mara nyingi ndani ya saa nne, halafu kila siku kwa siku 14, ukiwapima uzito na hatimaye kuwapasua na kuangalia viungo.

Usihesabu vifo peke yake, maana ni hapa ambapo sumu na ulegezaji huanza kukaribiana. Panya anayeburura miguu ya nyuma, ambaye tumbo lake linagusa sakafu na kope zimeanguka, ameonyesha jambo; lakini jambo gani? Hesabu pumzi zake. Mshike mkia uone kama anapinga. Mgeuze chali uone kama anajigeuza. Kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini iliyotolewa kwenye mimea, ililegeza misuli vizuri kiasi kwamba mwaka 1942 Harold Griffith na Enid Johnson walianza kuitumia kwa wagonjwa wa upasuaji huko Montreal. Lakini sumu hiyohiyo hulegeza na misuli ya kupumua, naye aliyechomwa nayo hufa akiwa na fahamu zake asipopumuliwa. Panya anayepumua kwa shida baada ya kiziduo chako anakuambia kwamba huko ndiko unakoelekea, na mnyama aliyefikia hali hiyo auawe mara moja bila kuachwa ateseke mpaka muda wa kanuni uishe.

Panya akinusurika kwenye miligramu 2000, usiandike kwamba kiziduo ni salama. Andika kwamba hakikuua kwa dozi moja ya mdomo ndani ya siku 14. Kwa hesabu ya kawaida inayozingatia eneo la ngozi, dozi ya panya mdogo hugawanywa kwa 12.3 ili kupata inayolingana nayo kwa mtu mzima, kwa hiyo 2000 ya panya ni kama 163 kwa kilo ya binadamu. Linganisha na kiasi anachokunywa mgonjwa wa mganga, baada ya kukigeuza kuwa miligramu za kiziduo kikavu.

Hatua ya 6: Utepe wa utumbo

Andaa myeyusho wa Tyrode, yaani ule wa chumvi unaoweka utumbo hai, wenye, kwa milimoli katika lita: sodiamu kloraidi 136.9, potasiamu kloraidi 2.7, magnesiamu kloraidi 1.05, sodiamu baikaboneti 11.9, sodiamu dihaidrojeni fosfeti 0.42, kalsiamu kloraidi 1.8 na glukosi 5.55. Kalsiamu iyeyushwe pembeni na kutiwa mwisho, polepole, ili isigande na kuufanya myeyusho uwe kama maji ya chokaa. Pitisha mchanganyiko wa asilimia 95 ya oksijeni na 5 ya kaboni dayoksaidi kwa viputo vidogo.

Sungura anyimwe chakula usiku kucha. Baada ya kuuawa kwa njia iliyoidhinishwa, toa sehemu ya kati ya utumbo mwembamba, isafishe taratibu kwa myeyusho wa Tyrode bila kuivuta, ondoa utando unaoishikilia, na ukate vipande vya sentimita mbili. Funga uzi ncha zote mbili bila kuziba tundu la utumbo. Ncha moja ishikizwe chini ya kikombe cha kioo cha mililita 10, nyingine iunganishwe na kihisio cha nguvu. Weka mvuto wa gramu moja na usubiri dakika 30, ukibadilisha maji kila baada ya dakika 10 au 15. Hapa ndipo subira ya mtafiti inapojaribiwa. Kipande ambacho mawimbi yake hayajawa na urefu mmoja kisitumiwe, hata kama umeme umekatika mara mbili tangu asubuhi na jioni inakaribia.

Tia kiziduo kwa kulimbikiza: miligramu 0.01 kwa mililita, kisha 0.03, 0.1, 0.3, 1, 3 na 10, kila nyongeza ikingoja athari ya iliyotangulia itulie. Kama umetumia DMSO, kiyeyushi cha maabara, kuyeyushia, isizidi asilimia 0.5 ndani ya kikombe, na kikombe kingine kipewe DMSO peke yake kwa vipimo vilevile na muda uleule, kwa kuwa utumbo huchoka wenyewe. Kikombe cha tatu kipewe majivu yaliyotajwa juu. Pima pH ya kikombe baada ya nyongeza kubwa. Kiziduo chenye asidi hulegeza kwa asidi yake.

Mawimbi yakishatulia, fanya jambo ambalo mwongozo huu wote umeandikwa kwa ajili yake. Osha kikombe mara tatu au nne kwa Tyrode mpya, subiri dakika 30, kisha utazame. Mawimbi yakirudi karibu na urefu wake wa mwanzo, utumbo ulikuwa umelegea. Yasiporudi, tia potasiamu kloraidi ya milimoli 80, ambayo hukaza misuli hai kwa lazima; utumbo usipoitikia, umeuua. Matokeo ya kipande hicho yasiingie kwenye hesabu ya ulegezaji, bali yaandikwe kama matokeo ya sumu, pamoja na ukolezi uliofikiwa. Nimesoma michoro mingi mizuri isiyo na sehemu hii ya mwisho, na kila mara hubaki na swali lilelile. Ukolezi wa juu kabisa, ule wa miligramu 10, ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa hapo hata majani ya chai yanaweza kunyamazisha utumbo.

Kwa hesabu, tumia vipande kutoka kwa wanyama watano au sita tofauti. Vipande sita vya sungura mmoja ni sungura mmoja.

Hatua ya 7: Kulegea kwa njia gani

Ukiwa na uhakika kwamba misuli iko hai, uliza inalegezwaje. Kaza kipande kwa potasiamu ya milimoli 80, kingine kwa potasiamu ya milimoli 25, na cha tatu kwa kabakoli, kemikali inayokaza utumbo kupitia vipokezi vyake, ya mikromoli 1, kisha ulimbikize kiziduo juu ya kila mkazo. Kinacholegeza mikazo yote ya potasiamu kinaelekea kuzuia kalsiamu isiingie kwenye seli, kama dawa ya verapamili inavyofanya. Kinacholegeza mkazo wa potasiamu kidogo tu na kushindwa ule wa nyingi huenda kinafungua milango ya potasiamu. Kinacholegeza mkazo wa kabakoli kwa ukolezi mdogo zaidi kuliko mikazo ya potasiamu huenda kinaziba vipokezi vyake, kama dawa ya atropini. Dhana ya kalsiamu ithibitishwe kwa kuondoa kalsiamu yote kwenye kikombe, kisha kuirudisha kidogo kidogo pakiwa na kiziduo na pasipo nacho; mchirizo wa mikazo kwenye grafu ukihamia kulia na kushuka, dhana imepata nguvu. Tumia verapamili na atropini halisi siku hiyohiyo, kwenye utumbo wa mnyama huyohuyo.

Hatua ya 8: Misuli ya mifupa

Utumbo ni misuli laini, na kulegea kwake hakusemi kitu kuhusu misuli ya mgongo au ya shingo. Mwenye kudai kwamba mmea unatuliza mkazo wa mgongo ana jaribio lingine la kufanya. Panya huzoeshwa kukaa juu ya fimbo inayozunguka, na wanaochaguliwa ni wale wanaodumu dakika tatu bila kuanguka. Baada ya kiziduo, hurudishwa juu ya fimbo kwenye dakika ya 30, 60 na 120. Kundi moja hupewa maji, lingine diazepamu, dawa inayojulikana kulegeza misuli.

Panya aliyeanguka huenda amelegea, huenda ana usingizi, huenda anaumwa. Kwa hiyo waachie panya wa dozi hiyohiyo katika sanduku lililo wazi na uhesabu wanavyotembea na kusimama kwa miguu ya nyuma, kisha upime nguvu ya kushika waya kwa miguu ya mbele. Anayetembea kama kawaida lakini hawezi kushika ndiye aliyelegezwa misuli; asiyetembea wala kushika hana ushahidi wowote wa kukupa. Ningependa dozi inayoangusha panya iwe mbali sana na ile iliyoonyesha dalili katika hatua ya 5. Zikikaribiana, sema hivyo wazi katika muhtasari, badala ya kuzificha kwenye jedwali la mwisho.

Hatua ya 9: Matumizi ya kurudia, na lile katazo

Dawa ya tumbo haitumiki mara moja. Jaribio la siku 28, OECD namba 407, linahitaji panya watano wa kiume na watano wa kike katika kila kundi, dozi tatu pamoja na kundi linganishi, na mwishoni vipimo vya damu vinavyoonyesha hali ya ini na figo, ikiwemo vimeng'enya vya ALT na AST kwa ini na kreatinini kwa figo, pamoja na viungo kuangaliwa kwa darubini. Kabla ya hapo, kiziduo kipimwe madini mazito na vijidudu, la sivyo utakuwa umepima uchafu wa barabara ulikochumwa mmea.

Sasa rudi kwenye daftari la hatua ya 1. Kama bibi alisema kwamba mjamzito hapewi, kipande kinachofuata kutundikwa ni cha mji wa mimba wa panya, kwa sababu mmea unaolegeza utumbo si lazima ulegeze mji wa mimba. Huko Kongo, katika miaka ya 1960, daktari Mnorwe Lorents Gran aliona wanawake wakinywa maji yaliyochemshwa mmea wa Oldenlandia affinis, waliouita kalata-kalata, ili kuharakisha uzazi. Kiini chake, peptidi iliyopewa jina la kalata B1, kilikaza mji wa mimba na hakikuharibiwa kwa kuchemshwa. Mganga aliyekataza huenda anajua kisa kama hicho kutoka kijijini mwake. Mpelekee matokeo kwa Kiswahili, pamoja na mchoro wa utumbo uliotulia na kurudi, na umwulize tena ni kitu gani alichokiona kwa wanawake hao kilichomfanya akataze, ni katika mwezi wa ngapi wa mimba, na baada ya vikombe vingapi.